Ole wa Nani?

Kucha ndizo zilizonichongea. Nyumbani kwetu Mkunazini kila siku ilikuwa na nazi yake, na kazi ya kukuna ilikuwa yangu tangu nilipoachwa na mume nikarudi kwa shangazi aliyenilea. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, eda nshaimaliza, na shughuli yangu kubwa ilikuwa kuutazama ukuta. Sasa mimi, niliyekuwa naikalia mbuzi ya nazi bila kuambiwa, ghafla nikaanza kuikimbia. Leo mkono unaniuma, kesho nina kizunguzungu, keshokutwa nazi yenyewe naona kama mbovu. Shangazi alikuwa mtu wa kuvumilia mambo mawili. La tatu anakukamata. Akanishika mkono wa kulia, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kucha ndefu, zimesuguliwa zikang'aa. Akashika na wa kushoto: kucha zimekatwa mpaka nyama.

"Mkono mmoja wa mwari, mmoja wa mchukuzi," akasema. "Nambie, mwanangu, kuna nini?"

Nikamwambia uongo, kwamba ndio mtindo mpya. Siku ile alikuna nazi mwenyewe, na kila mkuno niliusikia moyoni.

Ukweli ni kwamba shangazi mwenyewe ndiye aliyenitia kwenye mambo hayo. Aliponiona nazidi kukonda kwa mawazo alinipeleka nikajifunze kushona kwa mjane mmoja wa Kigoa, aliyekaa ghorofani nyuma ya kanisa la minara miwili. Mji mzima ulimwita Bi Fundi. "Mwenye cherehani hana nafasi ya kulia," alinambia shangazi njiani. Hakujua kama juu ya meza ya kukatia nguo, ukutani, palitundikwa gitaa.

Marehemu mume wa Bi Fundi alikuwa mpishi wa meli. Safari moja meli yao iliharibika, ikakaa miezi bandarini huko kusini mwa Hispania, nchi ambayo wazee wetu wenye asili ya Uarabuni mpaka leo wanaiita Andalusi. Kwa kukosa la kufanya, bwana yule akawa anashinda kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikuwa akimnyoa mmoja, kisha anakamata gitaa na kuwapigia wanaosubiri, muziki wa kwao wa zamani unaoitwa flamenko. Mpishi alirudi Unguja na gitaa na vipande alivyofunzwa, akamfunza mkewe, halafu akafa. Na vidole vya Bi Fundi vikaingia baridi yabisi, hata uzi kwenye sindano akawa anautia kwa taabu.

Siku ya kwanza nililiulizia lile gitaa. Akaliteremsha, akalipangusa vumbi, akapiga. Alipiga vibaya, vidole havikunjuki, lakini mlemle kwenye ubovu nikasikia kitu. Ilikuwa sauti ya mtu anayelalamika na kujicheka papo hapo, nami mwaka ule nilikuwa mtu wa namna hiyo hasa. Nikamwambia, "Bi Fundi, mie haya magauni baadaye."

Alinifunza kwa cherehani. Muziki ule una mwendo wa hesabu kumi na mbili, na uzito hauanguki pale masikio yetu yanapoungojea. Basi akaniweka mbele ya cherehani ya miguu, bila kitambaa, nikanyage huku nahesabu: moja mbili tatu, nne tano sita, saba nane, tisa kumi, kumi na moja kumi na mbili. Kwenye tatu, sita, nane, kumi, na kumi na mbili nitie nguvu. "Miguu kwanza," akisema. "Mikono mtoto wa miguu, itafuata." Mwezi mzima nilishona hewa. Jirani wa chini akapanda kuuliza Bi Fundi amepata oda ya kuvisha jeshi la nchi gani.

Kisha ndiyo mikono. Vidole vya kulia hukunjwa, halafu hufunguka kimoja kimoja juu ya nyuzi, kwa kucha, mfano wa mtu anayepangusa sisimizi kwenye nguo. Na mara moja moja kidole hugonga mbao ya gitaa, ko, ko, kama sehemu ya ngoma. Vipande vyenyewe vilikuwa na majina ya Kihispania yasiyokaa mdomoni mwangu. Bi Fundi akanipa maana zake, nikavibatiza kwa Kiswahili: kimoja Upweke, kingine Furaha. Upweke niliuweza mapema, ulikuwa mtu wa nyumbani. Furaha ilinisumbua muda mrefu, ikawa kila nikiikaribia inanikimbia vidoleni.

Halafu kulikuwa na lile neno. Siku nilipoumaliza Upweke bila kosa, Bi Fundi alipiga makofi na ukelele mkubwa, "Ole!" Gitaa karibu liniponyoke. Mswahili ukimwambia ole, balaa hilo linamjia. Ole wangu, ole wako, ole wake, sijapata kusikia ole yenye heri. "Nimefanya nini tena, Bi Fundi?" nikamwuliza. Alicheka mpaka akakohoa. Kule Andalusi, akanieleza, ole ndiyo maashallah yao. Mpigaji akipiga vizuri watu humtupia ole, na asipotupiwa hurudi nyumbani kichwa chini. Basi nikaizoea, nikawa naingoja ole yangu kama mtoto anavyongoja sikukuu. Kosa langu ni kusahau kwamba waliobaki mjini hawakuelezwa.

Wasikilizaji wangu wa mwanzo walikuwa wateja. Wanawake wa kila namna walizipanda ngazi zile: mabinti wa Kiarabu wanaotaka suruali za marinda, wake wa makarani, kina mama wa mitaa ya ng'ambo ya mji wenye gauni moja la sikukuu. Mmoja alikuwa Mtumbatu, muuza mikeka, amekuja kutia pindo. Nikampigia. Alisikiliza kwa makini, mkono shavuni.

"Huyu mtu analia au anacheka?" akaniuliza.

"Vyote viwili, bibi."

"Basi si mzima. Hebu rudia."

Nilipenda sana kuwapigia watu wasioujua muziki ule. Anayejua hukaa kukukagua. Asiyejua husikiliza kwa mwili mzima, utamwona mabega yanavyoshuka, mguu unavyotafuta hesabu na kupotea kwenye nane, na kujicheka mwenyewe. Na mimi nikawa nacheka, jamani. Sikuwa nimecheka tangu talaka, na wala sikutambua siku gani kicheko kilirudi. Nilijikuta tu nacheka.

Lakini mjini maneno yana miguu. Mteja mmoja akamwambia shangazi, kwa nia njema kabisa, kwamba binti yake anapiga gitaa, na analipiga haswa. Shangazi alirudi nyumbani, akavua buibui, akalikunja polepole pande nne. Nikajua leo ipo.

"Kumbe ndizo hizo kucha. Nilikupeleka ukajifunze cherehani."

"Cherehani naijua, shangazi."

"Gitaa ni la mabaharia na mahotelini. Wewe mtoto wa watu. Tena umeachika, watu wanakutazama mara mbili."

Hilo la mwisho lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Na mie nina hasira za karibu, nikamjibu kwamba wanaotaka kutazama basi nitawapa cha kutazama. Makubwa! Hatukusemezana siku tatu, tukawa tunapeana chumvi kwa ishara.

Aliyetuamua ni bintiye wa kumzaa. Binamu yangu huyu tumelala kitanda kimoja tangu utoto, na wakati ule alikuwa anaolewa na kijana wa Bububu, mtoto wa watu wenye mashamba na jina. Ilibaki wiki mbili. Kwetu kuna siku ya kupamba, alasiri biharusi anapotolewa na mapambo yake kuonyeshwa wanawake wa pande zote mbili. Binamu akasema, mbele ya mamake, "Siku hiyo natoka kwa gitaa. Bila gitaa sitoki chumbani, mje mnivute."

Shangazi alimtazama yeye, akanitazama mie. Akaninyooshea kidole.

"Utapiga mara moja tu. Wageni wakiridhika, tutaona. Wakinuna, kesho yake asubuhi gitaa linarudi kwa mwenyewe, na mlio wake nisiusikie tena maisha yangu. Tumeelewana?"

"Naam, shangazi."

Nilijibu kwa adabu, lakini usiku ule usingizi ulinikataa. Nilijua bila gitaa nitarudi kulekule, kwenye ukuta. Kesho yake Bi Fundi akaniazima gitaa, nikawa nakwenda nalo na kurudi nalo nyumbani, nimelifunga kwa shuka.

Kanga za sare shangazi alizichagua mwenyewe, na alikuwa na sababu zake. Watu walikwisha kusema juu ya posa ile, kwamba tumeparamia mnazi si wetu. Basi akatafuta kanga nyekundu zilizoandikwa HASIDI HANA SABABU, na kila mwanamke wa upande wetu akavaa doti yake, moja kiunoni na moja kichwani. Asiyetaka kusoma, shauri yake.

Siku ikafika. Ukumbi wa juu ulijaa, mikeka imetandikwa mpaka ngazini, udi unafuka, asumini kila kichwa. Mbele kabisa, kwenye kiti, alikaa mama wa bwana harusi na jamaa zake wa Bububu. Alikuwa mama mzito wa mwili na wa maneno, mtu wa kutikisa kichwa badala ya kusema. Mimi nilikaa pembeni ya mlango wa biharusi, na Bi Fundi kando yangu na gauni lake la kanisani. Shangazi hakukaa. Alisimama na sinia la halua mkononi, kana kwamba amepita tu.

Furaha huanza kwa kugonga mbao mara mbili. Nikagonga, ko, ko. Bibi mmoja aliyekaa karibu na ngazi, macho yameshamwacha, akapaza sauti: "Karibu! Jamani, mfungulieni mgeni, nyie hamsikii?" Ukumbi ulicheka, na mie nikacheka nao, na woga ukanitoka. Nikazifungua kucha.

Sijui nieleze vipi. Mwanzo walisikiliza kwa heshima tu, kama mtu anavyoonja chakula cha ugenini. Halafu makofi yakaanza huku na huku, yanatafuta njia. Wakapotea kwenye nane, wakarudi. Yule Mtumbatu wangu wa mikeka alikuwa amealikwa, naye kwa kuwa alishausikia akawa anawaonyesha wenzake kwa kichwa: bado, bado, sasa! Nikaona mabega yanashuka. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, gitaa langu hili haliendi popote.

Kipande kile kina mahali kinapanda, kinapanda, kisha kinakatika ghafla. Pumzi moja ya kimya, ndipo kiendelee. Tulipanga na binamu kwamba hapo ndipo atoke. Nikapanda, nikakata. Pazia likafunguliwa, biharusi akatoa mguu, kungwi wake amemshika mkono. Na katika kimya kile Bi Fundi, kwa sauti ya mtu aliyeimba kwaya miaka thelathini, akapiga ukelele kwa furaha yake yote:

"Ole!"

Biharusi mguu mmoja ndani, mmoja nje, na kungwi akamvuta nyuma ya pazia. "Astaghfirullah," mtu akanong'ona. Mama wa bwana harusi akasimama.

"Ole wa nani?"

Alinitazama mimi, kwa sababu Bi Fundi alikuwa bado anatabasamu na kupiga makofi, hajui hili wala lile.

"Nnauliza. Mtoto anatolewa kupambwa, mnamtupia ole. Wa nani? Wa mwanangu, au wa huyu anayeolewa?"

Kucha zilinigandia kwenye nyuzi. Nilitaka kumweleza, lakini hebu mwelezee mama aliyehamaki habari za kinyozi wa Andalusi! Nyuma ya pazia nikasikia binamu yangu anavuta kamasi, na wanja wote ule aliopakwa. Nilimwona Bi Fundi tabasamu linamtoka kidogo kidogo. Nikasema basi, nimewaharibia wote. Gitaa nshalikosa, na bora nilikose, kama hivi ndivyo linavyofanya.

Shangazi akaliweka sinia chini. Akaushusha mtandio wake wa kanga kutoka kichwani, akautandaza kifuani kwa mikono miwili ili maandishi yasomeke mpaka Bububu. Hakusema. Aliimba, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Ole wake hasidi!"

Watu wakatazamana. Kisha mwanamke mmoja wa upande wetu akaitazama kanga yake mwenyewe, akaelewa, akaitandaza naye. "Hasidi hana sababu!" akajibu. Kigelegele kikapasuka nyuma, kingine ngazini, na shangazi akanigeukia na macho makali.

"Piga we! Unangoja nini?"

Nikapiga. Yarabi, nilivyopiga! Kila nilipokata, shangazi alitupa, "Ole!" na ukumbi ukamjibu, "Wake hasidi!" kisha mie nikaendelea, wala hesabu haikupotea hata mara moja. Nani Unguja hii asiye na hasidi wake? Mama wa bwana harusi aliketi mara ya kwanza. Mara ya pili akatikisa kichwa. Mara ya tatu sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na jinsi alivyolitamka, mtu ungejua kwamba huko Bububu yupo anayemkusudia. Biharusi akatoka, wanja umemchuruzika kidogo, anacheka. Bi Fundi alilia waziwazi. Aliniambia sikioni kwamba hata katika hadithi za marehemu mumewe hajasikia watu wengi hivyo wakitupa ole, tena mahali pake hasa.

Walinirudisha kwenye gitaa mara tatu. Wa Bububu wakauliza kama nitakwenda kwao kwenye mwaliko wao. Karibu na magharibi watu wakatawanyika, tukakunja mikeka, tukasali. Nilimngoja shangazi atoe hukumu. Alizungumza habari za masinia yaliyopotea, na za nani kala halua mara mbili. Habari ya gitaa hakuigusa, na mie na kiburi changu sikuuliza. Nikakaa kitandani nikipima. Wageni waliridhika, hilo kweli, lakini kwanza walinuna. Na aliyewaridhisha ni yeye, tena kwa ajili ya mwanawe. Gitaa lilikuwa karibu limvunjie shughuli. Ningekuwa mimi shangazi, ningesemaje?

Asubuhi niliamka, hayupo. Nikaona ametoka makusudi, asinione nikilitoa. Basi nikatimiza ahadi yangu mwenyewe. Nikachukua mkasi, nikakata kucha zote za kulia, zile nilizozilea kuliko nilivyojilea mwenyewe. Nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi mbili, ya leo na ya kesho. Kisha nikalibeba gitaa likiwa tupu, maana shuka niliyozoea kulifungia ilikuwa bado imelaliwa na wageni.

Njia nzima wanawake barazani walikuwa wakinitania. "Ole!" mmoja anapiga kutoka dirishani. "Wake hasidi!" mwingine anamjibu ng'ambo ya kichochoro. Nilicheka nao, nikaongeza mwendo. Nikazipanda ngazi za Bi Fundi, nikasukuma mlango.

Shangazi alikuwa amekaa mezani, buibui limeshuka mabegani, miwani ya Bi Fundi puani mwake. Bi Fundi ameshika chaki. Mbele yao ilitandazwa kanga nyekundu, ile ya shangazi aliyoitandaza jana kifuani. Doti ya harusi ya mwanawe, naye ameshaiachanisha, moja imebaki nyumbani na hii imekwisha kukatwa katikati.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unalipeleka wapi uchi namna hiyo? Lete hapa tulipimie mfuko."

Nikasimama kama mjinga. Alinyoosha mikono kulipokea gitaa, ndipo akauona mkono wangu wa kulia. Akaushika, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha kama siku ile.

"Na kucha umezifanya nini?"

"Nimekuna nazi."

"Nani kakutuma?" Akauachia mkono, akaanza kupima gitaa kwa shubiri, kutoka shingoni mpaka tumboni. "Nazi ntakuna mie mpaka kucha ziote."

Nilikuwa nshajiandaa kulia kwa jambo jingine. Basi nikalia kwa hilo.